Tumbawe Langu na Kona ya Bahati

Jumamosi, 13 Januari

Nimenunua! Lakini sikununua nililokwenda kununua.

Njia nzima kwenye treni nilikuwa nakariri sentensi moja: "Naomba lile tumbawe dogo, la kijani, kama vifungo vya shati." Nikaibeba mdomoni kama mtu aliyebeba yai. Mtaa wa samaki wa mapambo ulikuwa umefurika watu, mifuko ya nailoni inaning'inia kila mlango, imevimba maji, na ndani ya kila mfuko samaki mmoja anashangaa. Nikaingia dukani kwa Kaka Fai – nywele kazipaka rangi ya ndizi mbivu, glavu mkono mmoja.

"Mrembo, unatafuta nini?"

Mrembo! Najua hata ajuza wa miaka themanini huitwa hivyo pale. Lakini yai likaanguka. Nikanyoosha kidole, na kidole chenyewe kikaelekea pengine. "Hili la nyundo? Una jicho, mrembo!" Nikatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo. Utabishanaje na mtu aliyekwisha kukusifu jicho?

Basi sasa nina tumbawe la nyundo. Chini ni shina la jiwe, juu ni vidole laini, na kila kidole kina kichwa kama cha nyundo. Kaka Fai akanieleza: mfuko uelee kwanza kwenye tangi langu la samaki, kisha maji tone kwa tone, kisha liweke chini, usiliguseguse. Una swali? Nilikuwa nayo mengi, yamejaa mpaka kooni. Nikasema sina.

Nyumbani Baba akauliza kama nimenunua jiwe. Ni mnyama, Baba. "Anakula?" Anakula. "Atanisaidia kulipa umeme?" Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Jumapili, 14 Januari

Limejifunga. Vidole vyote vimeingia ndani, limebaki jiwe lenye kitu kama kamasi. Mimi pia ningejifunga, kusema kweli. Siku ya kwanza sekondari nilikaa chooni mapumziko yote mawili.

Bibi alilisogelea, akavaa miwani, akavua miwani. Akasema kuku akinunuliwa sokoni naye hali siku ya kwanza. Kisha akaniuliza litapikwa lini.

Jumatano, 17 Januari

LIMEFUNGUKA!

Nilitoka shule, hata begi sijatua. Vidole vyote nje, vinayumba na maji – kijani, ncha za dhahabu, na chini ya taa ya buluu vinawaka kama vina betri! Nikapiga kelele. Kweli, mimi. Bibi akatoka jikoni na mwiko akidhani ni panya.

Nikamwandikia Kaka Fai meseji, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza naandika maneno mengi bila kuona haya, kwa sababu naona kama ni msichana mwingine anayesema. Akajibu: picha nzuri, mrembo, sasa liache.

Nataka sana kumwambia binamu yangu Ho-yin. Tangi hili lilikuwa lake. Mwaka jana, kabla hajahamia Manchester na mkewe, yeye na Baba walilibeba wakapanda nalo ngazi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu (na Baba ni fundi lifti! Jengo zima linamcheka mpaka leo). Ho-yin akaniambia: Lam-lam, samaki wawili hawatoshi, siku moja tia matumbawe. Nitampelekea picha. Kesho. Kwanza nifikirie cha kuandika.

Ijumaa, 26 Januari

Shangazi alikuja.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na ndiye mama yake Ho-yin. Baba anamwogopa kuliko msimamizi wake kazini. Kila akija hukaa kiti kilekile, akiligeuzia tangi mgongo. Leo akaingia, buti hajavua, akapiga yowe: "Uuu! Nyumba ya watu wazima inawaka buluu kama nyumba ya msiba! Na mwaka mpya huo uko mlangoni!" (Mwaka wetu wa Kichina; umebakiza wiki mbili.)

Baba akasema ni taa ya tumbawe tu, Dada.

"La nani?"

Ilikuwa zamu yangu kusema. Nikatazama soksi zangu. Zina paka.

Shangazi akaendelea: kona hiyo ya tangi ndiyo kona ya bahati ya nyumba hii. Bahati inaingia mlangoni, inakuja kukaa hapo, inakuta mawe yamelowa! Keshaagiza mchungwa mdogo wa chunguni, uliojaa machungwa, wa kuweka hapo hapo. Tangi litoke. Anamjua mtu atakayelichukua.

Bibi akasema linaishi, linafunguka, yeye mwenyewe amelitazama asubuhi. Shangazi akageuka, kidogo tu, kama anayemtazama mtu aliyemkosea. Kwa bahati yangu mbaya, buti zake zilivyogonga sakafu, tumbawe lilikuwa limekwisha kurudi ndani.

"Hilo ndilo linaloishi, Mama? Hata fenesi lina uhai zaidi."

Mwishowe Baba akatoa hukumu kama hakimu mwenye njaa: tusubiri mpaka chakula cha mkesha. Likiwa limefunguka mbele ya kila mtu, tangi libaki. Likiwa jiwe, mchungwa uingie. Shangazi akakubali upesi mno.

Mkesha. Watu, kelele, vijiti, runinga. Na mnyama mwenye haya kuliko mimi!

Jumamosi, 27 Januari

Nimeamka, sebule nyekundu. Nikadhani moto.

Bibi amefunika taa ya tangi kwa karatasi nyekundu za sherehe, amezibandika vizuri, hata pembe amezikunja. Samaki wanaonekana kama wamekunywa pombe. Anasema sasa ni heri tupu, na Shangazi hatakuwa na la kusema.

Nikajaribu kumweleza kwamba tumbawe linahitaji buluu, ndani yake mna vijimea vinavyolilisha kwa mwanga. Bibi akauliza: lilipokuwa baharini, nani alikuwa akiliwashia?

Tumepatana. Tukiwa peke yetu, buluu. Kengele ya mlango ikilia, nyekundu. Leo jioni alikuja mtu wa gesi. Sijawahi kuona Bibi akikimbia hivyo.

Jumatano, 7 Februari

Niandike tu.

Leo ni siku ya kuosha uchafu wa mwaka. Kila mtu anajua: tarehe hii watu husafisha nyumba yote, hata juu ya friji, vinginevyo mikosi inavuka nawe. Nilijua. Nilijua wiki nzima! Nikajiambia Bibi hawezi kugusa tangi. Sikumwambia asiguse. Niliogopa kuonekana namfundisha mzee adabu. Nikamezea.

Narudi shule – pazia zimefuliwa, sakafu inateleza, Bibi yuko kwenye sinki, mikono mpaka viwiko, anaimba. Mawe yote ya tangi yamepangwa juu ya taulo. Meupe! Ule utando wa zambarau uliojenga makazi toka enzi za Ho-yin – haupo. Kausugua kwa mswaki.

"Tazama, Lam-lam! Ukoga wa miaka! Shangazi yako akikuta hivi atasema sisi watu gani?"

Na tumbawe?

Lilikuwa kwenye beseni, ndani ya maji ya bomba yasiyo na chumvi, pamoja na mboga za majani za jioni.

Nikalinyakua. Nikalirudisha tangini nikiwa bado na sare ya shule, mkono mpaka begani, tai ikaelea. Limekuwa kama ngumi, linatokwa na ute mweupe. Bibi akasimama nyuma yangu na mswaki. Akauliza polepole: "Halikupaswa kuoshwa?"

Nikasema si kitu, Bibi. Si kitu! Kisha nikaingia chumbani nikalia ndani ya mto.

Nimemwandikia Kaka Fai. Anajibu: lilikaa humo muda gani? (Muda wa Bibi kusugua mawe, nikajibu, maana ndicho kipimo tulicho nacho.) Anasema matumbawe ya aina hii ni magumu kuliko yanavyoonekana, huenda likapona. Lirudishiwe mwanga wake wa kila siku, maji yake, na kimya. Likihisi amani litachungulia. Asiliguse mtu.

Anasema nitoe taarifa kwa familia. Hajui familia.

Bibi hakusema samahani. Alinikatia peasi, akazimenya mpaka mbegu akatoa, akaziacha mlangoni kwangu. Nilikula zote.

Alhamisi, 8 Februari

Bado ngumi.

Nimetoka kuoga nikakuta bahasha nyekundu imebandikwa kwenye kioo cha tangi. Bahasha ya mwaka mpya, ya pesa, tunayopewa sisi watoto pamoja na wote ambao hawajaoa wala kuolewa. Nikamuuliza Bibi. Akasema tumbawe halijaolewa, kwa hiyo ni haki yake. Lakini Bibi, si mpaka keshokutwa? "Ni mgonjwa. Mgonjwa hapangi foleni."

Kisha akavuta stuli, akakaa mbele ya kioo, akaanza kuchambua maharage kimya kabisa. Bibi! Ambaye huongea hata na sufuria!

Ijumaa, 9 Februari – mkesha

Naandika mezani kwa siri, daftari liko mapajani. Sioni vizuri. Nitaeleza kwa nini.

Mama yangu hayupo, kama kawaida ana zamu hospitali. Shangazi alifika na mchungwa. Kaubeba mwenyewe, machungwa yanadondoka lifti nzima (lifti ilifanya kazi, Baba alitembea kama jogoo). Akautua sebuleni, karibu na kona, kama mtu anayeegesha gari akisubiri mwingine atoke.

Tukakaa. Kuku, uyoga, samaki mzima wa mvuke ambaye hatummalizi, lazima abaki wa mwakani. Runinga inapiga ngoma. Taa zote zinawaka, na tangi jekundu kama taa ya hatari. Shangazi kaligeuzia mgongo.

Akaweka vijiti chini. Haya, tuone maajabu.

Baba akainuka, akachungulia. Akasema... amm... labda amechoka. Ngumi ileile. Shangazi akasema alijua. Wala hakufurahi; alisema kama mtu anayefunga mlango wa chumba. Akasema yule mtu wa kulichukua tangi atapita siku ya tatu ya mwaka.

Bibi akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeliosha na mboga. Shangazi akamwambia, Mama, unalitetea jiwe?

Na hapo – sijui ilitoka wapi. Nikasikia sauti, kwa lugha ya nyumbani, si ya yule msichana wa Kiingereza:

"Zimeni taa."

Wote wakanigeukia. Baba mdomo wazi, kipande cha kuku ndani. Nikasema tena: zimeni taa, zimeni runinga, Bibi toa karatasi. Linataka kimya na mwanga wake. Shangazi, naomba miguu isitikise sakafu.

"Buluu? Mkesha wa mwaka mpya? Tuepushwe na mabalaa! Mtoto huyu leo–"

"Kaa chini, Siu-fong," Bibi akasema. "Umeambiwa miguu."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimwita Shangazi jina lake.

Basi ndivyo tulivyo sasa. Giza, kila kitu buluu: kuku buluu, wali buluu, upara wa Baba buluu. Bibi ameshika karatasi nyekundu kifuani. Samaki anapoa. Jirani wanacheka huko, sisi hapa kama wezi. Baba alitaka kukohoa, nikamtazama, akameza.

Shangazi amegeuza kiti. Kwanza kidogo, sasa chote. Uso wake uko karibu na kioo, bahasha ya Bibi imemgusa shavu.

Amenong'ona, si kwangu: "Na mwanangu alikuwa akitukalisha gizani hivihivi. Chakula kinapoa. Nilikuwa namgombeza."

Nimetoa simu. Nimempigia Ho-yin kwa video, sauti nimezima, nimeiegemeza kwenye chungu cha mchungwa. Huko ni mchana. Inaita.

Kwenye ngumi, upande wa kushoto, kuna kitu. Kama ncha ya nyundo moja. Au ni macho yangu. Shangazi ameinua mkono, hasemi, ananionyesha palepale ninapotazama–

Simu imepokelewa.