Dhambi Niliyojisingizia

Jumapili, 9 Juni 1974

Leo nimeokoka. Ndivyo wanavyosema wote. Mimi sijui.

Wageni wa kutoka Kibondo wako kanisani kwetu tangu Ijumaa, na kila aliyesimama kutubu alilia, akaimbiwa, akakumbatiwa. Mmoja aliiba mbuzi. Mwingine alimpiga mama yake. Mimi nimekaa mkekani na dhambi zangu za kitoto — hasira, uvivu wa kusali. Mzee Melkiadi, kiongozi wa ushirika, akanitazama: “Mwalimu Ernesta, mbona moyo wako mgumu hivyo?” Wanawake wakageuka. Nikasimama.

Nikasema nilikwenda kwa mfumu kutafuta mtoto. Kwamba alinifunga hirizi kiunoni. Uongo mtupu! Sijawahi hata kupita mlangoni pa mganga yeyote. Lakini miaka yote hii ya ndoa bila mtoto, nani asingeamini? Mzee akauliza nani alinipeleka. Ulimi ukateleza: mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mpaka.

Wakaimba! Wakanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Na kwenye mkeka wa nyuma alikuwa ameketi jirani yangu Uwimana, mkimbizi wa Burundi, mtu pekee wa ng'ambo katika kijiji hiki. Hakuimba.

Jumatatu, 10 Juni

Renatus amemwaga pombe. Mtungi mzima wa urwagwa, ndizi alizokamua mwenyewe! Mume wangu huyu haingii kanisani ila Krismasi. Kumbe jana alisimama dirishani, akanisikia. Anasema kama mke wake ameweza kujianika mbele ya watu kwa ajili ya Mungu, yeye pombe itamshindaje?

Asubuhi amenichotea maji. Nimeyapokea kama mwizi.

Jumatano, 12 Juni

Wazee walimwita Uwimana. Amekana. Mke wa Melkiadi alitusimulia kisimani huku akicheka: mtu husingizia wengine, nani anajisingizia mwenyewe? Basi mwongo ni Uwimana. Hatapewa Chakula cha Bwana. Na balozi wa nyumba kumi anasema lori la kuwapeleka wakimbizi kwenye makazi ya Tabora litapita Kasulu wiki ijayo. Naye apakiwe, asije akatuharibia wake zetu kwa uganga.

Wakati huo huo Uwimana akaja na ndoo yake. Wanawake wakasogeza zao. Na mimi? Nilisogeza yangu. Andika, Ernesta, andika — ulisogeza.

Jioni, kisomo cha watu wazima. Uwimana, mwanafunzi wangu, hakuja. Nimefundisha herufi bila yeye.

Ijumaa, 14 Juni

Ulimi haukuteleza. Nimeliona leo, na nikitaka kulikimbia halikimbiliki.

Uwimana alivuka mpaka na mtoto mmoja mgongoni. Mume na mtoto mkubwa aliwaacha huko, hata kuwazika hakuwazika. Na bado analima akiimba! Nimezaliwa kanisani, nimebatizwa nikinyonya, sina wimbo hata mmoja wa hivyo. Nilimwonea kijicho. Nilitaka anyamaze.

Sasa amenyamaza. Kutwa nzima nasikia jembe tupu. Furahi basi, mlokole!

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kwake. Alikuwa uani akipura maharage. Nikapiga magoti, nikasema yote, hata kijicho. Aliendelea kupura. Nilifikiri hakunisikia. Kisha akakaa chini.

“Mana yanje, Mungu wangu! Mwalimu, wewe una kijiji kizima. Kwangu ulikuja kutafuta nini?”

Nililia. Si kama siku ile kanisani — safari hii na kamasi. Hakunikumbatia. Akasema niende nikaseme pale pale niliposemea. Nikamwambia Renatus ameacha pombe kwa ajili ya ushuhuda ule, akijua ni uongo atarudi kilabuni, na mimi atanirudisha kwetu.

“Mume wako utajua wewe. Mimi naitiwa lori.”

Akanirushia fimbo ya pili. Tukapura mpaka maharage yakaisha, kila mtu na lake moyoni.

Jumapili, 16 Juni

Naandika nje, nyuma ya kanisa, kwa kalamu ya risasi. Nimesema.

Nilisimama kabla ya mahubiri. Nikasema nilitubu dhambi nisiyoitenda, nikaacha niliyoitenda. Kwa mfumu sikwenda. Uwimana hana kosa, kosa lake ni kuimba. Balozi alikuwepo, amesikia! Akitaka kumpakia mtu, atafute sababu yake mwenyewe.

Mzee Melkiadi akasema shetani ananichezea. Watu wameokoka kwa ushuhuda ule, mume wangu akiwa wa kwanza — nataka kuwarudisha walikotoka? Akaniamuru nikae. Sikukaa. Akasema basi nitoke nje, wazee wajadili. Nikapita katikati ya mikeka yote, wanawake wakivuta nguo zao nisiwakanyage. Aibu! Renatus alikuwa mbele, shati jeupe, nililolipiga pasi mimi. Sikuthubutu kumtazama.

Lakini kuna kitu, sijui nikiandikeje. Kifua kimekuwa chepesi kama cha mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nimecheka peke yangu hapa ukutani. Hakuna aliyeniimbia. Pengine leo nimepoteza mume. Na nina furaha. Mungu wangu, nina furaha! Ndiyo hii aliyokuwa nayo Uwimana?

Ndani wanabishana. Namsikia Uwimana, anawajibu wazee kwa Kirundi, hasira kweli kweli.

Mlango umefunguliwa. Ni Renatus. Amesimama mbele yangu, macho mekundu, anauliza kama hili la leo ndilo la kweli, au nalo nitakuja kulitubu Jumapili ijayo. Nataka kumjibu, lakini kicheko kinanijia tena, na yeye hacheki —