Haji wa Kwanza wa Ndege

Jumanne, 25 Juni 1957
Kaka Abdurahim ameondoka. Uwanja wa ndege wa Islii ulijaa nusu ya Pumwani. Hija yake mwenyewe alishaifanya zamani, kwa meli. Hii anamhijia marehemu mama, aliyetuusia akiwa kitandani. Shuka mbili za ihramu, vazi la hija, nilizifunga furushi peke yake, nikamwambia hizi zishike mkononi. Akazisukumia kwenye sanduku! Eti mwenye suti hapandi ndege na furushi. Sanduku likaingizwa tumboni mwa ndege, naye juu ya ngazi anapunga mikono yote miwili. Nilitaka kutema mate.

Jumamosi, 20 Julai
Amerudi. Hakuna anayeuliza habari za Makka! Ndege tu, ndege. Mnakojoa wapi? Mawinguni kuna baridi? Jumbe, fundi baiskeli, naye kaleta yake: wale ndugu wawili wa Amerika, wa kwanza kurusha ndege, walikuwa mafundi baiskeli kama yeye. Kaka akadakia: wao wa kwanza duniani, mimi wa kwanza Pumwani. Safari ya wiki na wiki sasa ni ya siku moja, dunia imebadilika. Mama hakutajwa hata mara moja. Kinyaa kimenijaa, nimeiacha pilau sahanini.

Jumapili, 21 Julai
Mwalimu Haidari wa chuo cha Kurani kauliza kwa upole: mikati, ule mpaka ambao haji hauvuki bila kuvaa ihramu, ulijuaje umefika? Melini nahodha hupiga honi, watu wakabadili nguo. Kaka kacheka. Angani nani apige honi? Tulipita tukinywa chai! Nikavaa Jidda, sanduku liliposhushwa.

Mwalimu akasema basi achinjwe kondoo wa fidia huko Makka, ndipo hija ya mama itengenee. Yuko mtu anakwenda, atumwe. Kaka akageuka papo hapo: nimekosea, nilivaa ndegeni, shuka nilikuwa nazo mkononi. Muongo! Na kanzu ya Makka mwilini.

Jumatano, 24 Julai
Mtaa umegawanyika. Mwalimu anakuja alasiri kuniuliza mimi niliyezifunga shuka. Kaka anataka niseme nilimwona nazo mkononi akipanda ndege. Eti haji wa kwanza wa ndege arekebishwe kama mtoto wa chuo? Nikamuuliza, na mama je? Akajibu huku anajipaka manukato: maiti hajui.
Ndugu yangu wa tumbo moja!
Mwalimu na wenzake wamefika, wako barazani. Namsikia Kaka anamwambia Mwalimu kwamba nimeshathibitisha, ila naona haya kutoka mbele ya wanaume. Mimi naona haya! Nimevaa buibui. Natoka niwaambie la sanduku —