Mwaka Huu Benchi la Mikoba Limenikosa

Alhamisi. Joto la Guangzhou limeanza kuwa na adabu. Dirisha liko wazi, upepo unaingia, na mimi nimelala chali kiuno kikiniuma kwa raha zangu.

Niandike kabla sijasahau. Mimi ndiye bingwa wa lile treni la kichaa. Lile la bustani ya michezo huko kusini mwa jiji, linalopanda polepole kama mtu anayekwenda kuomba radhi ukweni, halafu linaporomoka na kujipindua reli iwe juu na vichwa vya watu viwe chini. Nimelipanda kila mwaka. Mikono juu, macho wazi, meno nje.

Uongo.

Sijalipanda hata mara moja. Hizo ni hadithi ninazowapa vijana wa nyumbani wanaofanya biashara Jengo la Tianxiu, hadi wananiita Babu Spidi. Anayepanda ni mke wangu, Mama Neema. Mimi hushika mkoba. Liko benchi pale chini, chini ya kimti, ambapo sisi waume na mababu tunakaa tumekumbatia mikoba ya wanawake kama tunalea. Kila mwaka wazee wengine wa Kichina, chupa zile zile za maji ya moto. Wao hunipa mbegu za alizeti, mimi huwapa pipi za tangawizi, na sote tunajifanya tumekatazwa na daktari.

Kwa wageni wa hapa bloguni: mimi niliishia la saba, na kazi yangu hapa ni kuwakagulia mzigo wafanyabiashara wa nyumbani. Nafungua maboksi, nanusa gundi ya viatu, navuta zipu, nagombana. Mzigo ukiwa safi tunapakia kontena linakwenda Nansha kupanda meli. Mama Neema ana duka la nguo Singida. Huja mara moja kwa mwaka kununua mzigo wa Krismasi, na siku zote za safari yake ni kutembea masokoni mpaka nyayo zinawaka. Ila tuna mila yetu. Siku inayofuata baada ya kontena lake kufungwa, hatufanyi kazi. Tunapanda treni ya chini ya ardhi, tunakwenda bustanini kama watoto wa shule.

Kontena likifungwa, sisi hufunguliwa.

Msinielewe vibaya, na nyumbani naenda. Viwanda vya Wachina vikifungwa kwa mwaka wao mpya, nami nashuka Singida. Lakini nikifika kule mimi ni mali ya ukoo. Harusi, misiba, kesi za mbuzi, mashemeji wanaotaka simu. Siku ya kuwa mimi na mke wangu, wawili tu, bila mtu kubisha hodi, ni hiyo moja ya bustani.

Sasa safari hii Mama Neema kaja na maneno. Tulikuwa tunakula, akasema kwa sauti ile ya kumwambia mtu chumvi imepungua:

"Neema anasema siku hizi mzigo unaagizwa kwa simu. Baba yupo kule anakagua, wewe unafuata nini?"

"Neema azae kwanza ndipo atufundishe," nikasema.

"Lakini ana hoja, Baba Neema. Nafuata nini? Ile bustani naijua kuliko uwanja wa nyumbani kwangu. Chui mweupe, treni, yule dubu panda, tambi, maandamano ya ngoma, kulala. Mwaka kesho labda nikae tu."

Nilimeza tonge bila kutafuna.

Usiku ule nikapanga. Nikasema huyu mwanamke bustani imemchosha, basi nitamletea bustani mpya. Jana asubuhi nikamtolea fulana mbili za rangi ya waridi, zote zina dubu kifuani. Wapenzi wa hapa huvaa hivyo, sare, wanaume kwa wanawake, na hawaoni haya. Mama Neema akaigeuza fulana akatazama mshono.

"Hii si sampuli ya yule mteja wako wa Mwanza?"

"Ni zawadi."

"Ina lebo ya sampuli."

Akaivaa lakini.

Hila yangu ya pili ilikuwa hii: badala ya lango kubwa, tukaingia kwa lango la nyuma. Tukaanza na maandamano ya ngoma, tukafuata tambi, yaani kila kitu kinyumenyume. Nikawa naongoza mbele kifua nje, dubu ananing'inia. Tulipofika kwenye mamba, ambao miaka yote tunawaona baada ya panda, Mama Neema akasimama akashika kiuno.

"Baba Neema, umegeuza boksi tu. Mzigo ni ule ule."

Mtu wa kukagua mzigo, leo nimekaguliwa mimi.

"Tena unanitembeza kama unahesabu makatoni," akaongeza. "Hiki tayari, twende. Hiki tayari, twende. Bustani haijachoka, mzee. Mwenye kuchosha ni wewe. Miaka yote napiga kelele kule juu peke yangu, nikishuka nakukuta benchini unatafuna mbegu."

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mdomo wangu, huu usio na breki, ukasema, "Basi leo napanda." Nilitegemea ataniambia, hapana Baba Neema, presha yako. Akashika mkono wangu kama polisi.

Tukapita benchini. Palikuwa na mzee mmoja wa Kichina amekumbatia mikoba mitatu, familia kubwa hiyo. Mama Neema akamwongezea wa nne. Mzee akautazama mkoba, akanitazama mimi, akaelewa msiba wangu. Akainua kidole gumba.

Foleni ilisogea haraka kuliko dhambi. Juu watu wanalia, chini mimi naomba kimoyomoyo umeme ukatike. Langoni palikuwa na binti wa kazi, kipaza sauti kiunoni. Akaziona mvi zangu, akaomba pasipoti. Akaisoma, akanionyesha kibao: wenye miaka sitini na kuendelea hawaruhusiwi.

Ndugu zangu, uzee una faida. Nilikaribia kumbusu yule binti. Nikaweka uso wa huzuni, nikamwambia mke wangu, "Basi, nenda tu mama, mimi nitakungoja."

Binti akanyoosha mkono kwa Mama Neema pia.

Mama Neema alitimiza sitini mwezi uliopita. Tulimla mbuzi kwa simu, wao kule, mimi huku natazama. Binti akasoma, akatikisa kichwa. "Bu xing." Haiwezekani.

Nikamwona mke wangu anavyokitazama kile kibao. Akaivuta ile fulana ya dubu chini kidogo, kama mtu aliyeambiwa hakuvaa vizuri. Treni ikapita juu yetu na kelele zote zile, na yeye hakuinua macho.

Kitu kikanipanda kichwani. Miaka yote natafuta kisingizio nisipande, na leo nimekipata nakitupa. Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo. Anayefanya biashara mji huu anajua: hujui Kichina, hujui Kiingereza, utaandika namba kwenye kikokotoo umpe muuzaji, naye atafuta ataandika yake, mpaka mkutane. Nikaandika sitini. Nikatoa moja. Nikampa binti.

"Laoban," nikamwambia, yaani bosi, "pianyi yidian." Punguza kidogo.

Binti akatazama hamsini na tisa. Akatazama kibao. Akacheka hadi akaziba mdomo. Akafuta, akaandika sitini, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Mwambie mimi ni mteja wa siku nyingi," Mama Neema akanong'ona, macho yameanza kuwaka.

Nikaandika hamsini na tisa na nusu.

Nyuma yetu foleni nzima imenyoosha shingo. Binti anafuta machozi ya kicheko, lakini habanduki: sitini. Mama Neema akanifinya mkono. "Tuondoke. Atatuita."

Hiyo ndiyo silaha ya mwisho ya sokoni, na yeye ni jenerali. Unageuka kwa maringo, unakwenda polepole, hutazami nyuma, na muuzaji atakukimbilia: laoban, rudi, rudi. Tukageuka. Tukatembea kwa madaha, dubu wawili wa rangi ya waridi, pua juu. Tukapunguza mwendo. Tukasimama tukajifanya tunaangalia ua.

Hakuna aliyetuita.

Nikachungulia kwa bega. Binti alikwishaendelea na watu wengine.

"Baba Neema," mke wangu akasema, "hivi sisi tulikuwa tunanunua nini pale?"

Tukacheka. Tulicheka mpaka akashika mti. Mpaka yule mzee wa mikoba akainuka akatuletea maji ya moto, akidhani tunaumwa.

Tumekwenda bustani ile sijui mara ngapi, tumeona wanyama wote aliowaokoa Nuhu, na sikumbuki tulicheka vile. Kilichofanya siku iwe mpya ni kufukuzwa.

Baada ya hapo hatukuwa na mpango tena. Mama Neema ndiye aliyeliona jongoo: treni ya watoto, kichwa cha jongoo chenye miwani, vijilima viwili vitatu na kona. Haina haja ya pasipoti. Sharti moja tu: kila mtoto apande na mtu mzima. Sisi hatukuwa na mtoto, ila mbele yetu kulikuwa na bibi mmoja wa Kichina na wajukuu wawili, na bibi ni mmoja. Akahesabu, akatutazama, akanisukumia kajukuu kamoja kana kwamba tumezaliwa nyumba moja. Nikaazimwa mjukuu. Mama Neema akajibana kiti cha nyuma yangu.

Mtacheka. Chekeni.

Jongoo lilipopanda kilima cha kwanza nikasema hili si kitu. Lilipoanza kushuka, roho yangu ikabaki juu. Kale katoto kakawa kananipigapiga mkono kunibembeleza. Na mimi, Babu Spidi, nikafumba macho, nikapiga ukelele uliosikika mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, ndege zikauliza kuna nini.

Nikaita, "Roza!"

Ndilo jina lake. Tangu Neema azaliwe sijalitamka. Yeye ni Mama Neema, mimi ni Baba Neema, ndivyo tunavyoitana mbele ya watu na nyuma ya watu, ndiyo heshima yetu, na nilidhani lile jina lingine nimelisahau. Kumbe lilikuwa limekaa kooni linangoja jongoo la watoto.

Tuliposhuka, akawa anapanga kilemba ambacho hakikuharibika.

"Umeniitaje wewe?"

"Nani? Mimi?"

"Shetani wewe," akasema, lakini alinishika mkono mpaka kwenye mkoba wake.

Jioni nikamwambia bado hatujamwona panda, twende kabla hawajafunga. Ndiye mnyama wake. Hajawahi kumkosa mwaka hata mmoja. Akafikiri, akasema, "Aah, tumwache. Na yeye awe kiporo."

Nimelala naliwaza neno hilo. Sisi tunaorudi mahali pale pale tunakosea wapi? Tunakula sufuria yote, tunakwangua mpaka ukoko, halafu mwakani tunashangaa hamu imekwenda wapi. Acha kiporo. Na ukienda, mwachie mzee mwenzako wa benchini mkoba mara moja, upande na mkeo uone anachokiona.

Leo amefunga masanduku. Kesho naenda kumsindikiza Baiyun. Sikumuuliza kuhusu mwaka kesho. Niliogopa. Mkorofi mimi, mwenye maneno kama redio, nimeogopa kumuuliza mke wangu swali moja. Nilikaa kitandani nikimtazama anasukuma nguo kwa goti. Mwisho akachukua zile raba zake za bustanini, akazipiga pamoja kutoa vumbi, akaziingiza chini ya kitanda changu.

"Hizi ziache hapo. Sitaki kuzibeba kila mwaka."

Nikageukia ukutani nikajifanya naua mbu.

Sasa Roza, najua unasoma blogu hii kwa siri, Neema aliniambia. Unadaiwa. Mimi nimekuita jina lako mbele ya Guangzhou nzima, na watoto wa watu wakasikia. Wewe hujarudisha. Kesho pale uwanjani, msafiri anapoingia ndani na msindikizaji anapozuiwa, kabla hujapotea kule kwenye mashine za kukagua, geuka. Usiseme Baba Neema. Sema Zebedayo. Mara moja tu, kwa sauti, hata yule askari anayegonga mihuri ageuke kutazama ni nani huyo.

Nitakuwa nimesimama kwenye kamba. Nimevaa dubu.