Joto la Mjusi wa Moraa

Jumatatu, 7 Julai
Nepi zimefuliwa. Mtoto amenyonya. Nimebadilisha maji ya Madoa. Baridi ya Kebirigo haina huruma mwezi huu, na huyu mjusi si wa baridi. Dada yangu alimleta kutoka Nairobi. Watu aliokuwa akiwafanyia kazi walihama wakamwachia, pamoja na sanduku lake la kioo. Moraa wangu anampenda kama mdogo wake. Juzi stima ilirudi kwa nguvu ikaunguza mkeka wake wa joto. Nimemfungia balbu ya vifaranga juu ya sanduku. Vifaranga nimelea wengi. Mjusi mmoja atanishinda?

Jumatano, 9 Julai
Madoa hali chakula. Moraa ameshika panzi kwenye majani chai, wanamrukia Madoa mbele ya pua, yeye amejikunja nyuma ya kigae. Taa inawaka usiku na mchana, vile tunafanyia vifaranga ili waendelee kula. Mkia umeanza kukonda. Dada alisema akiba yake yote iko mkiani. Naogopa.

Alhamisi, 10 Julai
Bado. Mama mkwe amechungulia akasema, “Nyoka mwenye miguu anawashiwa stima, na mimi nalala na baridi?”
Moraa akamjibu bibi yake, “Magokoro, si wewe uko na blanketi?”
Bibi amecheka mpaka akaketi.
Baadaye Moraa ameniuliza kama Madoa atakufa. Sikumdanganya. Nimemwambia sijui. Amelia mpaka uji ukapoa. Nimeweka balbu kubwa zaidi.

Ijumaa, 11 Julai
Stima imepotea jioni, tukimalizia kupika chakula cha Sabato. Nimekasirika hadi machozi. Nimechukua tofali lililokuwa kando ya moto, nikalifunga na gunia, nikalipima kwa mkono vile napima maji ya kuogesha mtoto. Nimelisukuma chini ya sanduku, upande mmoja. Giza tupu. Nimeomba. Ndiyo, nimeombea mjusi.

Jumamosi, 12 Julai
Yuko hai! Amelalia tumbo pale pale juu ya tofali. Panzi wawili hawapo.
Kanisani sikusikia mahubiri. Tulipotoka nikampigia dada. Amenicheka. Kumbe huyu hulala mchana, hutembea na kula gizani, na joto hulitaka tumboni, si machoni. Wiki nzima nimemnyima usiku wake nikidhani namsaidia. Si kifaranga. Nimejiona mjinga.

Jumapili, 13 Julai
Stima imerudi. Moraa mbio kwa swichi. Nimemkataza. “Mama, ataogopa giza!” Nikamwambia anayeogopa giza ni yeye, aje alale kwangu. Amenuna kabisa. Sijalegeza. Balbu ndogo, mchana tu. Jua likizama inazimwa, tofali linaingia. Basi.

Jumatatu, 14 Julai
Naandika jikoni, tofali likipoa kando yangu, wao hawajaamka.
Jana Moraa alilala mapema, mguu wake juu ya tumbo langu. Mtoto alikuwa akinyonya upande wa pili. Nilichoka hata kugeuka sikuweza. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Halafu kutoka kwenye sanduku nikasikia kitu kinatafunwa, polepole, bila haraka yoyote.
Sikuwasha taa kuangalia.