Kofia za Nyarugusu

Mjukuu wangu Minza,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako bado anakohoa, na mahindi yamekauka.

Unauliza, huko unakosomea sheria, kama maneno yakiwa wazi kuna la kufikiri tena. Ujanani nililinda duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Nyarugusu. Kanuni ilisema asishuke mtu shimoni bila kofia ngumu. Siku moja udongo uliporomoka, ukawafukia watatu. Wenzao walikuja na majembe, nikawazuia. Kofia zote zilikuwa chini, vichwani mwa waliofukiwa.

“Masanja, tunawasikia wanagonga,” waliniambia.

Nikatuma mtu akaazime kofia duara la jirani. Zilipofika, kugonga kulikuwa kumekoma.

Mwenye duara alinisifu kwa kushika kanuni. Sifa hiyo sijamwambia hata bibi yako.

Babu yako,
Masanja