Udongo wa Kaburi la Baba

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima. Kampuni yetu ya roketi sasa inapeleka angani udongo wa makaburi. Familia inalipa, kichupa kinazunguka dunia, wenyewe wanakifuatilia kwenye simu. Sisi wafanyakazi tunapata bure, kwa hiyo nilipokuja kukuona mwezi uliopita nilipita makaburini nikachota kidogo kwa Baba. Roketi inaruka tarehe ishirini. Sasa wanataka picha yako ya tangazo, umeshika picha yake, unatabasamu kidogo. Usikatae, Mama. Cheo changu kinategemea tangazo hili.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo bado unauma, na nguo za watu hazijishoni. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kunawa mikono. Baba yako alikuwa anaogopa hata ngazi. Taa ikiungua napanda mimi, yeye fundi viatu mzima ananishikia kiti kafumba macho. Leo mnamtia kwenye chupa kama bizari mkamrushe? Hao mabosi wako wameuza vyote vya juu ya ardhi, sasa wameingia makaburini. Kinyaa kimenishika, na kinachonikera zaidi ni kwamba koleo umelishika wewe. Picha yangu hawapati. Hebu niambie, ulichota kaburi lipi?

Mama yako

13 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na mgongo. Usinikasirikie, hii ni heshima, wateja wanalia kwa furaha. Nilichota lile la vigae vya bluu karibu na lango. Ndilo zuri kuliko yote, nikajua tu hukumwacha Baba hivi hivi.

Binti yako

16 Machi

Binti yangu,

Marahaba. La vigae ni la mwenye duka la ngozi, yule aliyemuuzia baba yako ngozi mbovu wakanuniana hadi kufa. Wote waliokuja kumzika baba yako wanajua alipo. Wewe ulisema kazini wamekunyima ruhusa, tukazika bila wewe. Baba yako yuko kule nyuma ukutani, hana hata kigae kimoja. Nilikuwa nakungoja tumjengee pamoja.

Mama yako

21 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilimwambia bosi kabla roketi haijaruka kwamba udongo ule si wa Baba. Akacheka. "Udongo ni udongo. Nani atapanda huko kukagua?" Akaniambia vichupa vikipasuka huwa wanajaza vingine kwa udongo wa chungu cha maua pale mapokezi. Chungu chenyewe mimi ndiye ninayekimwagilia maji. Roketi ikapaa, watu wakapiga makofi, mjane mmoja akanikumbatia akinishukuru.

Kitambulisho cha kampuni nimekichomeka kwenye kile chungu nikatoka. Nakuja Jumamosi, vigae nitakuja navyo mwenyewe. Ila naomba tuongozane, Mama. Nisije nikasimama langoni nikauliza watu baba yangu kazikwa wapi.

Binti yako