Pistoni Chini ya Mihogo

Jumanne, 28 Mei 1968

Mwalimu mpya amefika hapa shuleni Tororo. Egau, kijana wa mji wa Kumi, mhitimu wa Kampala. Atafundisha hesabu. Hesabu! Basi mbona kitu cha kwanza alichoomba kuonyeshwa ni karakana yangu? Nilimwonyesha dakika tano nikafunga mlango, nusura nimbane pua. Aliiangalia pampu ya maji wanayoiunda wasichana wangu — ngozi yake tumeitia juzi tu — akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Mkuu wa shule amempa ufunguo wa pili wa karakana. Mimi niliulizwa? Sikuulizwa.

Alhamisi, 30 Mei

Barua ya mkaguzi. Anakuja Jumatatu ya tarehe kumi, saa nne asubuhi. Pampu ikipandisha maji kutoka kisimani, karakana inabaki. Isipopandisha — jiriwa, tupa, misumeno ya chuma, vyombo vyote vinahamia shule ya wavulana, na wasichana wangu wanarudi kushona vitambaa vya meza. Miezi mitano wamekata vyuma na kuvipiga tupa! Loy wa kidato cha tatu ana sugu kumshinda baba yake. Amesema mwenyewe, tena kwa maringo.

Niliwasomea barua. Kisha Loy akauliza: Madam, kwani wavulana wana kisima? Hawana.

Jumanne, 4 Juni

Meza ya karakana imelowa. Pistoni — kile kizibo cha shaba chenye ngozi, kinachopanda na kushuka ndani ya bomba — imesogezwa, haiko nilipoiacha jana. Tena inanuka mafuta ya simsim, yale ya ufuta. Loy anaapa si wao. Wenye funguo tuko wawili tu.

Nikamwuliza Egau, kwa adabu, kama alikuwa karakanani. Akasema ndiyo, alipita kidogo. Kupita! Watu hupita njiani, hawapiti ndani ya chumba kilichofungwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemkamata. Saa kumi na mbili jioni nilirudi kuchukua miwani — uongo, nilirudi kuchungulia. Egau kashika pistoni, anaigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya. Hakushtuka hata. Akanisifia kazi ya wasichana, halafu: "Jumatatu, kama mkaguzi nauliza swali ngumu, mimi naweza saidia, Madam."

Asaidie nini? Nauona mchezo wote. Mkaguzi akifika, atakayesimama mbele ya pampu ni Bwana Kampala, na mimi Mkenya nitashukuriwa na kuambiwa nirudi kwetu. Siku hizi hata sokoni Tororo wanasema waziwazi kwamba Wakenya tumejaza kazi. Au ataiharibu, vyombo vihamie kwa wavulana, naye avifuate huko. Yote mawili yanamfaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeichukua! Pistoni tu. Bila hiyo pampu ni bomba tupu, achezee apendavyo. Nimeifunga kwa kanga, nikaitia chini ya kikapu, mihogo juu. Nikapanda basi hadi Busia. Mpakani hawakukitazama hata kikapu. Sasa iko nyumbani kwetu, upande wa Kenya, juu ya uchaga wa jikoni, na mama ameambiwa asiiguse. Jumatatu alfajiri naivusha, saa mbili nipo shuleni. Leo nitalala usingizi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa nikamwonyesha kaka yangu Rasto, fundi wa baiskeli. Nilitaka asifu. Akaibonyeza kwa kidole akacheka.

"Dada, hii ngozi umeiua. Imekuwa ngumu kama ugali wa juzi."

Anasema ngozi ya pampu hailali kavu, hata ile ya kujazia upepo baiskeli huipaka mafuta. Ikikauka inasinyaa, maji yanapita pembeni. Nami nimeilaza juu ya moshi! Kisha akauliza: huko shuleni, nani alikuwa anailainisha kila jioni?

Mafuta ya simsim — Egau! Masikio yaliwaka moto kwa aibu. Pampu nimeisoma kitabuni, na hilo kitabuni halikuwamo.

Rasto ameiloweka kwenye mafuta. Huenda italegea kufika asubuhi, huenda isilegee. Lakini kwa nini Egau hakuniambia? Mtu mwema husema. Sawa, nilimfungia mlango usoni — lakini angesema! Nitafika kabla hajaingia karakana. Hakuna atakayejua.

Jumatatu, 10 Juni. Busia, upande wa Uganda

Naandika kwenye benchi la polisi. Nyaya za simu, za shaba, zimeibwa juzi usiku, kila mwenye shaba anasimamishwa. Kikapu kimemwagwa mbele ya watu: mihogo, kanga, pistoni inachuruzika mafuta.

"Madam, hii shaba umetoa wapi?"

Ya shule, nikasema. Tororo.

"Kama hii kitu ni ya Tororo, mbona wewe nakuja nayo kutoka Kenya?"

Nilikuwa naitunza.

"Chini ya muhogo?"

Sina barua ya shule. Mkuu wa shule yuko stesheni ya Tororo kumpokea mkaguzi. Askari anataka mtu mmoja wa shuleni anayeijua pistoni hii, aje mwenyewe aseme. Dereva wa lori la saruji alikuwa anarudi Tororo, akakubali kupeleka karatasi. Nikaandika: Mwalimu Egau, nilichukua pistoni kwa sababu nilidhani utaiharibu. Nimezuiwa Busia, njoo. Nikaikata ile sababu. Nikaiandika tena.

Lori limeondoka saa mbili kasoro robo. Sasa ni saa tatu na nusu. Loy na wenzake wamekwishajipanga kisimani na nguo safi, wanaangalia barabara. Naibonyeza ngozi — imelegea! Imelegea kabisa, ingefanya kazi.

Askari, mtu wa kijiji cha Lumino, si mbaya, amenipa chai. Ameuliza kama huyo Egau ni rafiki yangu. Hapana. Basi atakuja?

Nimemwambia sijui. Najua kitu kimoja tu: ingekuwa yeye yuko kwenye benchi hili, na karatasi imeletwa kwangu, mimi nisingekuja.